Barabara Nayo ni Mwalimu

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inaharamisha masomo ya ziada wakati wa likizo. Hata hivyo, wangalipo wazazi na walimu wanaoiona likizo isiyo na daftari kuwa ni hasara. Mimi siafikiani nao.

Nilizoea kusafiri na wanangu wawili kwa barabara kutoka Nairobi hadi Mombasa, mwendo wa kilomita 480 hivi. Tulipofika Sultan Hamud, kifungua mimba aliuliza sultani huyo alikuwa nani. Nilimweleza kuwa ni Seyyid Hamoud wa Unguja, aliyetawala tangu 1896 hadi 1902, enzi za ujenzi wa reli. Kitinda mimba naye alianza kuunganisha silabi kwenye vibao vya njiani: E-ma-li, Ma-ki-ndu, Ki-bwe-zi. Mtoni Tsavo waliwasikia simba waliowala wajenzi wa reli mwaka wa 1898, usingizi ukawaruka.

Sasa ni watu wazima. Alama za mitihani wamezisahau. Safari wanazisimulia bado.

Ndugu mwalimu, likizo ifikapo, mwachilie mwanafunzi wako. Nawe mzazi, hata matatu ya kwenda kwa nyanya yatosha, mradi maswali ya mtoto yajibiwe.