Kubadili Kamera ya Hadubini

Hadubini iendeshwayo na kompyuta husogeza kioo, hupiga picha, kisha huhesabu na kupima seli bila mkono wa mtu. Likizo iliyopita nilimsaidia mjomba kufunga kamera mpya katika hadubini ya namna hiyo kazini kwake. Pikseli za kamera kuukuu zilikuwa na upana wa maikromita 6.5, lenzi ikikuza mara 20, kila moja hupiga maikromita 0.325 za seli. Za kamera mpya ni nusu yake, nasi tukasahau kuiarifu kompyuta! Chembe nyekundu za damu, ambazo upana wake ni maikromita 7 au 8 tu, zikaandikwa 15. Mjomba akanitazama kwa wasiwasi, maana damu ile ilikuwa yangu. Tukapiga picha ya kioo chenye mistari, milimita 1 iliyogawanywa mara 100, tukasahihisha kipimo, nami nikapona papo hapo.