Gundi au Mikono? Kiswahili na Maelezo ya Kushikamana kwa Seli katika Saratani ya Kinywa

Utangulizi

Mjini Lubumbashi daktari husomea tiba kwa Kifaransa, na mgonjwa hueleza maumivu yake kwa Kiswahili. Hali hiyo ina historia yake. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ukakuzwa na migodi ya shaba, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi za wafanyakazi na ya familia zao. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha 4 za taifa, ilhali Kifaransa ndicho lugha rasmi. Kwa hiyo, maarifa ya tiba yanayofundishwa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi hayana budi kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine kabla ya kumfikia anayeyahitaji.

Makala haya yanaeleza dhima ya protini zinazoshikamanisha seli katika kukua na kuenea kwa saratani ya kinywa. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba neno linaloteuliwa kuelezea kazi ya protini hizo laweza kuifichua hatari ya ugonjwa au kuifunika.

Saratani na picha ya kaa

Neno saratani lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni kaa, yule mnyama wa majini. Wagiriki wa kale waliuita ugonjwa huu karkinos na Warumi wakauita cancer, majina ambayo nayo yana maana ya kaa. Kifaransa kilirithi jina la Kilatini, ndipo msemaji wa Lubumbashi akapata kansere. Hivyo, maneno yote mawili, saratani na kansere, yamebeba picha moja: mnyama mwenye miguu mingi aliyeng'ang'ania nyama.

Picha hiyo inalingana na yale yaonekanayo kwa macho, kwa kuwa uvimbe huwa mgumu na hupenya pembeni. Hata hivyo, ukichunguzwa kwa hadubini, ugonjwa huonyesha sura nyingine. Seli zake huwa hatari zaidi pale zinapoanza kuachiliana.

Muundo wa utando wa kinywa

Zaidi ya saratani 9 kati ya 10 za kinywa huanzia katika seli bapa zinazofunika ulimi, ufizi, sakafu ya kinywa na mashavu kwa ndani. Seli hizo zimepangwa kwa matabaka, na tabaka la chini kabisa limekaa juu ya utando wa msingi. Chini ya utando huo ndimo imo mishipa ya damu na ya limfu. Kinywa husuguliwa na chakula kila siku, wala utando wake hauchaniki ovyo, kwa sababu seli zimeshikana imara.

Protini zinazohusika ni za makundi kadhaa, na mawili yanatosha kwa maelezo haya. Kundi la kwanza ni kadherini, ambazo huunganisha seli na seli. Mtaalamu wa Kijapani, Masatoshi Takeichi, alizitafiti katika Chuo Kikuu cha Kyoto kuanzia miaka ya 1970, na jina lenyewe lilitolewa mwaka 1984. Iliyo muhimu katika utando wa kinywa ni E-kadherini. Ncha yake ya nje hukutana na ncha ya E-kadherini ya seli jirani, nayo haiwezi kufanya hivyo pasipo kalsiamu. Ncha ya ndani hushikwa na protini ziitwazo katenini, ambazo huiunganisha na nyuzi za ndani ya seli. Kundi la pili ni integrini, zilizopewa jina hilo mwaka 1986. Hizo huishikiza seli kwenye utando wa msingi.

Hatua za kuenea

Saratani inapoendelea, E-kadherini hupungua katika seli nyingi za uvimbe, hasa pale uvimbe unapopenya tishu za chini. Mara nyingi jeni yake haikuharibika, bali imenyamazishwa. Mwaka 2000, watafiti nchini Hispania walionyesha kuwa protini iitwayo Snail huizima jeni hiyo. Beta-katenini nayo, ikikosa mahali pa kushikilia na isipovunjwavunjwa, yaweza kuingia katika kiini cha seli na kuchochea jeni za ukuaji. Basi, kulegea kwa mshiko huweza pia kuwa ujumbe wa kuiambia seli iendelee kugawanyika.

Integrini nazo hubadilika. Iko aina moja, alfa-v-beta-6, ambayo kwa kawaida haipatikani katika utando mzima wa kinywa cha mtu mzima. Hujitokeza jeraha linapopona, wakati seli zinapopaswa kusogea ili kuziba pengo, kisha hutoweka. Katika saratani nyingi za kinywa hujitokeza tena na kubaki. Seli za ugonjwa hutumia mbinu ya uponyaji ili kusafiri, huku vimeng'enya vikiuyeyusha utando wa msingi. Zikifika katika mishipa ya limfu, huchukuliwa hadi tezi za shingoni.

Kunata, gundi na kushikamana

Mwalimu anayeeleza mambo haya kwa Kiswahili huvutwa kwanza na neno gundi. Neno hilo ni jepesi, lakini lina kasoro tatu. Kwanza, gundi ni kitu cha tatu kinachopakwa kati ya vitu viwili, ilhali kadherini ni sehemu ya seli yenyewe. Pili, gundi haichagui, bali E-kadherini huitafuta hasa E-kadherini mwenzake. Tatu, gundi ikibanduka imeharibika, lakini seli huweza kuachia na kushika tena. Seli za saratani ya kinywa zaweza kupenya kwa makundi zikiwa bado zimeshikana, na zile zilizopoteza E-kadherini zaweza kuirejesha baada ya kutua kwenye tezi.

Kitenzi kunata nacho hueleza sifa ya kitu kimoja tu: utomvu hunata hata usipogusana na chochote. Kushikamana ni tofauti. Mzizi shika umeongezewa -am-, kiambishi cha kukaa katika hali fulani kama katika simama na inama, kisha -an- ya kutendana. Muundo huo unadai pande mbili, nguvu ya kila upande, na hali inayodumu. Kwa sababu hiyo, protini za kushikamana ni istilahi inayofaa darasani, na mfano wa watu walioshikana mikono wafaa kwa mgonjwa.

Tahadhari nyingine ni kuhusu kuenea. Msemaji akisema kwamba uvimbe "umeambukiza" shingo, jamaa wa mgonjwa waweza kudhani kuwa kula naye sahani moja ni hatari. Saratani huenea ndani ya mwili wa mgonjwa. Haimpati mtu kwa kula pamoja naye.

Hitimisho

Uteuzi huu wa maneno una matokeo kwa maisha ya watu. Saratani ya kinywa ikishafika kwenye tezi za shingo, matumaini ya kupona hupungua kwa takriban nusu. Anayefahamu kuwa seli huachiliana kabla ya kusafiri ataelewa kwa nini kidonda cha kinywa kisichopona kwa wiki 2, au doa jeupe au jekundu lisiloondoka, lionyeshwe kwa daktari hata kama haliumi. Ataelewa pia kwa nini tumbaku na pombe huonywa kwa pamoja, kwani zikitumiwa zote mbili huzidisha hatari kuliko kila moja peke yake. Kwa Waswahili wa pwani hatari imo pia katika uraibu, neno ambalo ni jina la mchanganyiko wa tambuu na popoo na pia la mazoea yanayomtawala mtu. Katika tathmini iliyochapishwa mwaka 2004, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilithibitisha kuwa popoo husababisha saratani hata bila tumbaku.

Kiswahili kinayo tayari maneno ya kueleza mambo haya kwa usahihi. Ni wajibu wa wanaisimu na wanatiba kuyachagua pamoja, ili maelezo yanayotolewa kitandani pa mgonjwa yalingane na yale ya maabara.