Sumu ya Mbolea ya Urea kwa Wanyama: Namna Ipimwavyo na Namna ya Kujihadhari Nayo

1. Sababu ya habari hii. Urea ni mbolea nyeupe ya chembechembe, itumiwayo sana katika mashamba ya mahindi na mpunga. Katika kila kilo 100 za urea mna kilo 46 za naitrojeni. Mfugaji asikiapo ya kwamba wataalamu wameipima na kuiona kuwa si sumu kali, huenda akadhani ya kuwa haina hatari zizini. Dhana hiyo yaweza kumpotezea ng'ombe wake wote kwa siku moja. Basi yafaa ajue kipimo hicho hufanywaje, na kina maana gani.

2. Namna sumu ipimwavyo. Mwaka 1927 mtaalamu wa Uingereza, J. W. Trevan, alileta njia ya kutafuta kiasi cha sumu kiuacho nusu ya wanyama waliopewa. Makundi ya panya hulishwa kiasi mbalimbali mara moja tu, kisha huangaliwa kwa siku 14. Kiasi hicho huhesabiwa kwa kila kilo ya uzito wa mnyama, maana sumu imwuayo panya haitoshi kumwua fahali. Kwa kuwa njia hiyo iliua panya wengi mno, mwaka 2002 iliondolewa katika miongozo ya kimataifa ya upimaji. Siku hizi, katika mojawapo ya njia zilizoshika mahali pake, panya watatu tu hupewa kiasi kilichowekwa, yaani miligramu 5, 50, 300 au 2,000 kwa kilo. Na kwa yatakayowapata, mpimaji hupanda au hushuka.

3. Panya si ng'ombe. Kwa panya, kiasi cha urea kiuacho nusu yao ni gramu 8 na zaidi kwa kila kilo ya uzito. Kwa ng'ombe asiyeizoea, gramu 0.3 hadi 0.5 kwa kilo zaweza kumdhuru, na gramu 1 hadi 1.5 zaweza kumwua. Maana yake, ng'ombe wa kilo 300 huingia hatarini kwa gramu 90, na gramu 300 zaweza kumwua. Gunia moja la kilo 50 lina urea ya kutosha kuua ng'ombe zaidi ya 100 wa namna hiyo.

Sababu ya tofauti hii imo tumboni. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hucheua, na katika tumbo lao kubwa la kwanza mna vijidudu vingi visaidiavyo kuyeyusha majani. Vijidudu hivyo huigeuza urea upesi kuwa amonia. Ikiwa ni kidogo, huitumia kwa kukua, na mnyama hufaidika. Ikiwa ni nyingi, amonia huingia katika damu, ini hushindwa kuisafisha, na mnyama hulewa sumu.

4. Dalili zake. Huanza upesi, mara nyingi kati ya dakika 20 na saa moja. Mnyama hutetemeka, hutokwa na mate, husaga meno, huyumba, tumbo hujaa hewa, na pumzi huwa ya shida. Kisha huanguka na kupigapiga miguu, na aweza kufa baada ya saa chache.

5. Msaada wa kwanza. Mwite daktari wa mifugo mara moja. Ng'ombe mzima hupewa maji baridi lita 20 hadi 40, pamoja na siki lita 2 hadi 6. Baridi hupunguza kasi ya kugeuka kwa urea, na ukali wa siki huizuia amonia isiingie upesi katika damu. Yafaa dawa hii ipitishwe kwa mpira hadi tumboni; mnyama aliyeanguka asinyweshwe kwa chupa, maji yasije yakaingia mapafuni.

6. Namna ya kujihadhari.

(a) Weka mbolea ghalani, mbali na chakula na chumvi ya mifugo. Iliyomwagika izolewe yote.

(b) Magunia yake yasioshwe katika hori wala kisimani, wala yasitiwe pumba.

(c) Urea itiwayo katika chakula cha ng'ombe ipimwe kwa mizani, isikadiriwe kwa kiganja. Isipite sehemu 1 katika 100 za chakula chote kikavu, nayo ichanganywe sawasawa.

(d) Wazoeze wanyama kidogo kidogo kwa majuma mawili au matatu. Wakikosa siku chache, anza tena tangu mwanzo.

(e) Usiwape wenye njaa, wala ndama wachanga, wala usiichanganye na soya mbichi, kwa maana soya hiyo huiharakisha kugeuka amonia.

(f) Mawe ya kulamba yenye urea yasinyeshewe mvua, kwa kuwa maji yatuamayo juu yake huwa sumu.