Hadithi ya "Ingalikuwaje": Tusimsahau Mwananchi wa Kawaida

Kila tunapowapa wanafunzi wetu zoezi la kutunga hadithi ya historia mbadala, yaani hadithi inayojengwa juu ya jambo ambalo lingaliweza kutokea lakini halikutokea, wengi wao hukimbilia Ikulu. Huandika juu ya marais, majemadari na mapinduzi. Mwenye duka, mwalimu wa shule ya msingi na mama muuza ndizi hawaonekani kabisa. Katika makala haya mafupi tunapenda kueleza kwa nini hao ndio wanaofaa kuibeba hadithi ya namna hii.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu Uganda. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa alilipinga jambo hilo waziwazi mwaka 1929, na maaskofu nao wakalikataa. Kiswahili kikaendelea kuhusishwa zaidi na askari na polisi. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini wananchi wengi walikuwa wakikisikia kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Ilipofika mwaka 2005 ndipo marekebisho ya Katiba yalipokifanya lugha rasmi ya pili.

Je, ingalikuwaje kama pendekezo la 1927 lingalikubaliwa? Mwandishi asituonyeshe Gavana akitia saini. Atuonyeshe bibi mmoja wa Masaka, miaka ya 1970, aliyesimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Askari anamwambia, "Simama!" Katika historia tunayoijua, neno hilo linamtetemesha. Katika historia mbadala, bibi huyu alisoma Kiswahili darasani na hukitumia sokoni na kanisani. Anamtazama askari na kumjibu, "Mwanangu, mbona huniamkii?" Hapo msomaji ameielewa sera nzima ya lugha bila kuhutubiwa.

Mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, mtunzi abadilishe tukio moja tu, kisha afuate matokeo yake hatua kwa hatua. Akibadilisha mengi, anatunga ngano.

Pili, atende haki. Waliokipinga Kiswahili walikuwa na sababu zao: walihofia lugha yao, na walihofia kuunganishwa na Kenya ya walowezi. Basi katika hadithi hiyo hiyo awepo pia mwalimu wa Luganda ambaye vitabu vyake vimebaki kabatini, havina msomaji.

Tatu, aangalie sarufi. Kiswahili kina -ngali- kwa jambo ambalo wakati wake umekwisha pita. Kiambishi hicho ni mlango wa kuingilia tu. Ukishaingia ndani, tumia -li- na -na-, kwani kwa mhusika ulimwengu ule si dhana. Ndiko anakoamkia na kupika chai.

Njia hii si ngeni. Mmarekani Philip K. Dick, katika The Man in the High Castle (1962), aliiwazia nchi yake ikiwa imeshindwa katika Vita Kuu ya Pili. Hata hivyo, miongoni mwa wahusika wake wakuu ni muuza vitu vya kale na fundi wa mapambo.

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini bado wapo wazee wetu wanaoshtuka wakisikia Kiswahili, na vijana wetu ndio watakaokifundisha kwa wajukuu wa wazee hao. Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, kabla hujaanza kuandika, nenda kwanza kamuulize bibi yako ni neno gani la Kiswahili alilosikia mwanzo, na nani alilitamka.