Kobalti Inapokataa Sumaku

Kobalti, metali inayochimbwa Kongo kuliko nchi nyingine yoyote, ina usumaku wa kustaajabisha. Chuma kikipashwa moto hadi nyuzi 770 za selisiasi hupoteza usumaku wake. Kobalti huendelea kuvutwa hata kupita nyuzi 1,100. Lakini iunganishwe na klorini na amonia, itokee chumvi ya rangi ya machungwa, na sumaku haiivuti tena. Kinyume chake, huisukuma, ingawa kidogo sana.

Chumvi za aina hii ziliwatatiza wanakemia wa karne ya 19. Zilikuwapo kadhaa, zote zikiwa na klorini tatu kwa kila kobalti moja, ila kiasi cha amonia kilitofautiana. Ukiyeyusha ile ya machungwa majini na kudondoshea nitrati ya fedha, klorini zote tatu hunaswa na fedha na kutuama chini ya mrija, nyeupe kama tui. Ile ya zambarau hutoa mbili tu. Ya kijani hutoa moja. Nyingine zimejificha wapi?

Jibu lilitoka Zurich mwaka 1893, kwa kijana wa miaka 26, Alfred Werner. Alisema kobalti huzungukwa na majirani sita: juu na chini, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Klorini iliyoshika mojawapo ya nafasi hizo hubanwa, fedha isiweze kuipokonya. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Sophus Jørgensen wa Copenhagen, bingwa wa kutengeneza chumvi hizo hizo. Nadharia ya Werner ilidai kwamba chumvi ya kijani ina pacha wa urujuani, mwenye viambato vilevile, ila klorini zake mbili zimekaa ubavu kwa ubavu badala ya kutazamana. Mwaka 1907 Werner akampata pacha huyo, na Jørgensen akakubali. Ni uungwana unaostahili kukumbukwa. Tuzo ya Nobel ilifuata mwaka 1913.

Majirani hao sita ndio wanaoamua habari ya sumaku pia. Kila elektroni ni kisumaku kidogo. Mbili zikikaa jozi, nguvu zake hufutana. Katika chumvi ya machungwa, kobalti imebaki na elektroni sita za nje, na amonia huzisukuma zijipange jozi tatu. Weka floridi sita mahali pa amonia: floridi ni dhaifu, hivyo elektroni nne hubaki pekee, na sumaku huvuta.

Maabara hupima hayo kwa mizani. Mrija wa unga huning'inizwa, ncha yake ikiwa kati ya ncha mbili za sumaku-umeme. Swichi ikiwashwa, unga wenye elektroni pekee huonekana mzito zaidi. Ule wa jozi tupu huonekana mwepesi.

Mwili wa binadamu nao una kobalti ya namna hii, ndani ya vitamini B12, ambayo Dorothy Hodgkin alifichua umbo lake mwaka 1956. Ikiwa imetulia, elektroni zake zote ni jozi. Katika baadhi ya kazi zake, kifungo kati ya kobalti na kaboni hukatika, elektroni moja ikabaki peke yake, na kwa usumaku wa elektroni hiyo watafiti huweza kuinasa vitamini ikiwa kazini.