Mtambo Ukisimama, Usianze kwa Kung'oa Ubongo Wake

Mtambo wa kiwanda usimamapo ghafla katikati ya zamu ya usiku, mkanda wa chupa ukanyamaza na msimamizi akaanza kupiga simu, fundi hutazamwa na watu wote kama daktari aingiaye wodini. Wakati huo mkono hushawishika kwenda moja kwa moja kwenye kabati la chuma, kulifungua, na kukichomoa kile kisanduku kidogo ambacho kila mtu amesikia kuwa ndicho kinachoongoza kazi yote. Hapo ndipo hasara nyingi huanzia. Kisanduku hicho, yaani prosesa, aghalabu ni kizima kuliko vitu vingine vyote vilivyouzunguka mtambo. Na akichomoaye bila kukisikiliza kwanza huufuta ushahidi ambao ungemwonyesha mkosaji halisi.

Vijana wengi wanaokulia kambini na katika laini za polisi huenda kusomea umeme katika vyuo vya ufundi, na baadaye huajiriwa katika viwanda vya sukari, saruji, bia na soda, au katika mitambo ya kusafishia maji ya mji. Wazazi wao huwaona wakirudi nyumbani wamechoka, mikono haina grisi hata kidogo, wakajiuliza ni ufundi gani huo. Basi ni vema kazi hiyo ielezwe kwa lugha ya kawaida.

Chombo chenyewe mafundi hukiita kwa herufi tatu, PLC. Ni kompyuta ya kiwandani isiyokuwa na kioo wala vibonye vya kuandikia, iliyotengenezwa kuvumilia vumbi, joto na mtikisiko. Kazi yake ni kama ya mpishi aliye macho: hutazama chungu, huamua, hukoroga au hupunguza moto, kisha hurudi kutazama tena. Tofauti ni kwamba PLC huimaliza duru hiyo kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Husoma swichi na sensa zote, huipitia programu yake tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, huwasha au kuzima mota na vali, kisha huanza upya, usiku na mchana.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na makabati makubwa yaliyojaa swichi za sumaku ziitwazo relei, mamia kwa mamia, zilizounganishwa kwa waya usioonekana mwanzo wala mwisho. Huko Marekani kampuni ya General Motors ilichoshwa na kuzifumua nyaya hizo kila aina mpya ya gari ilipotolewa, na mwaka 1968 idara yake ya Hydra-Matic ikatafuta chombo ambacho kingebadilishwa maagizo tu, si nyaya. Mwaka huohuo Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates, katika jimbo la Massachusetts, walikuwa wakibuni chombo cha namna hiyo. Walikiita Modicon 084, kwa kuwa kilikuwa mradi wa 84 wa ofisi yao, na General Motors ikakipokea mwaka 1969.

Ili maelezo yasielee hewani, na ichukuliwe aina moja, nayo ni SLC 500 ya Allen-Bradley, hasa prosesa yake ya SLC 5/03, ambayo iliingia katika viwanda vingi duniani katika miaka ya 1990. Siemens, Mitsubishi na Omron wana vyombo vyao, vyenye taa na majina mengine, lakini tabia zao ni za kindugu.

SLC 500 huwa na chesisi, yaani fremu ya chuma yenye nafasi zilizopangwa kama vitabu katika rafu. Moduli ya umeme hufungwa ubavuni upande wa kushoto. Prosesa hukaa katika nafasi ya kwanza, inayoitwa nafasi 0, wala haikubali kukaa penginepo. Nafasi zinazofuata ni za moduli za kuingiza habari na za kutoa amri.

Kabla prosesa haijaguswa, umeme huzimwa. Jambo hili askari hahitaji kuelezwa mara mbili: bunduki haisafishwi mpaka chemba imehakikishwa kuwa tupu, na neno la mtu mwingine halitoshi. Vivyo hivyo fundi huzima swichi kuu, huifunga kwa kufuli lake mwenyewe, hutia ufunguo mfukoni, kisha hupima kwa mita. Kupima ni lazima kwa sababu moja ambayo imewadhuru wengi: moduli za kutoa amri mara nyingi hupitisha umeme uliotoka kwenye saketi nyingine kabisa. PLC yaweza kuwa imezimika, taa zake zote giza, na bado skurubu za waya zikawa na volti za kutosha kuua. Taa iliyozimika si ushahidi wa usalama.

Adui wa pili haonekani. Ni umeme tuli, ule unaotoa cheche mtu avuapo fulana ya nailoni wakati wa kiangazi. Cheche ndogo hata isiyosikika yaweza kuiharibu prosesa mpya. Kwa hiyo fundi hugusa kwanza chuma kilichoungwa na ardhi, huvaa utepe wa ethi kifundoni akiwa nao, wala hashiki meno ya nyuma ya moduli. Kisha hulinganisha kadi na reli za juu na chini, huisukuma taratibu mpaka vifungio vyote viwili vilie. Ikigoma, haipigwi kwa kiganja. Hutolewa na kutazamwa upya, maana meno yaliyopinda hayanyoshwi yakarudi yalivyokuwa.

Pana mtego mwingine unaozihusu hasa nchi zetu. Umeme wa Marekani ni volti 120, na wa Uganda, kama wa majirani zake Kenya na Tanzania, ni volti 240 au karibu yake. Baadhi ya moduli za umeme za SLC 500 hufaa pande zote mbili, ila zina kiungo kidogo cha kuchagua, 100/120 au 200/240. Mtambo ulionunuliwa mkuukuu kutoka ng'ambo waweza kufika na kiungo hicho kikiwa upande wa 120. Dakika moja ya kukitazama kabla ya kuwasha hulinda fedha nyingi, na kazi hiyo hufanywa umeme ukiwa haujaungwa, kwa kuwa pini zake huwa wazi.

Prosesa mpya iwashwapo mara ya kwanza, taa yake nyekundu iitwayo FLT humeta. Wageni wa kazi hufadhaika na kuirudisha dukani. Kumbe haina ugonjwa, haina programu. Ni kama kuruta aliyeripoti kambini siku ya kwanza: yu mzima, ila hajapewa amri. Hupakiwa programu kutoka kwenye kompyuta, taa ikazimika, na ile ya kijani iitwayo RUN ikawaka kazi ianzapo.

Sasa yaja ya usiku ule wa mtambo kusimama. Fundi mzuri huanza na macho, huku mikono ikiwa nyuma. Kama taa ya moduli ya umeme imezimika, prosesa haina hatia bado; hutafutwa umeme unaoingia, hutazamwa fyuzi, na huchunguzwa kama mzigo umezidi kwa kuondoa moduli moja moja, umeme ukizimwa kila mara. Kama RUN imewaka kwa utulivu na FLT haipo, prosesa inatimiza wajibu wake, na tatizo liko nje: sensa iliyofunikwa na vumbi la saruji, waya uliotafunwa na panya, mlango wa kinga usiofungwa sawasawa, kontakta iliyoungua ncha. Taa ndogo za moduli husimulia mengi. Ikiwa taa ya amri ya mota imewaka na mota haizunguki, prosesa imekwisha kuagiza. Asiyetii ni mwingine.

FLT ikimeta mtambo ulipokuwa kazini, prosesa imekutana na kosa kubwa ikajisimamisha yenyewe. Hapa ndipo haraka huharibu mambo. Sababu ya kusimama huandikwa na prosesa katika kumbukumbu yake, katika neno la 6 la faili la hali, nayo husomwa kwa kompyuta. Namba 0022, kwa mfano, husema kwamba duru moja ya programu imezidi muda iliowekewa. Namba 0020 husema kosa dogo, kama hesabu isiyowezekana, limeachwa bila kushughulikiwa hadi mwisho wa duru.

Chukua mashine ya kuchanganya unga inayogawanya uzito wa mchanganyiko kwa idadi ya mifuko. Waya wa sensa inayohesabu mifuko ukikatika, idadi huwa sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakuna mwanahesabu awezaye. Kama mwandishi wa programu hakuweka kinga, prosesa husimama ikiacha namba 0020. Fundi asiyesoma namba hiyo hununua prosesa nyingine kwa bei kubwa, huiweka, hupakia programu ileile, na mtambo husimama palepale. Mwenzake aliyesoma hununua waya mita mbili. Kisha hulifuta kosa kwa kugeuza ufunguo wa prosesa hadi PROG na kuurudisha RUN, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna mtu aliyeingiza mkono kwenye mashine, maana itaondoka mara moja.

FLT ikiwaka bila kumeta na prosesa isiitikie kompyuta, basi shaka juu yake ni ya haki. Hata hapo huzimwa na kuwashwa tena, kisha hutolewa na kukazwa upya katika nafasi yake, ndipo hubadilishwa.

Taa ya FORCE yastahili maneno yake peke yake. Rangi yake ni ya kaharabu, na huwaka wakati fundi ameilazimisha prosesa kuamini kitu kisichokuwapo, kwa mfano kwamba mlango wa kinga umefungwa hali uko wazi. Ikimeta, ulazimishaji umeandikwa lakini haujaruhusiwa. Ikiwaka moja kwa moja, unafanya kazi. Fundi hutumia njia hii kwa dakika chache anapojaribu mtambo, na hakuna ubaya. Ubaya ni zamu kwenda nyumbani na kuiacha ikiwaka, asiambiwe yule kijana wa zamu ya asubuhi anayezoea kuingiza mkono kutoa chupa iliyokwama kwa kuwa anajua mlango ukifunguka mkanda husimama. Siku hiyo hautasimama. Taa ya FORCE isiyoandikwa katika daftari la makabidhiano ni kosa la nidhamu, si la ufundi, nalo lastahili adhabu ya nidhamu.

Ufunguo nao una nafasi tatu: RUN, REM na PROG. Ukiwa REM, mtu aliye mbali na kompyuta yake aweza kuusimamisha mtambo, kuuwasha, au kubadilisha programu. Ukiwa RUN, mlango huo umefungwa. Viwanda vingi huuacha REM kwa kuwa ni rahisi. Wanaodhani hayo ni mambo madogo na wakumbuke yaliyotokea Saudi Arabia mwaka 2017, katika kiwanda cha kemikali za mafuta. Watu waliojipenyeza kwa njia ya kompyuta walivifikia vidhibiti vya usalama vya aina ya Triconex, vile vinavyozima mtambo hatari inapokaribia. Vidhibiti hivyo vina ufunguo kama huu, nao ulikuwa umeachwa katika nafasi ya kupokea programu. Maadui wakaweza kuingiza maagizo yao. Bahati ni kwamba vidhibiti viligundua kasoro, vikauzima mtambo kwa usalama, na hila yao ikajulikana kwa njia hiyo. Mlinzi wa langoni hakuona mtu akiruka ukuta. Kwa maoni ya ukurasa huu, ufunguo wa prosesa wafaa kugeuzwa RUN, kutolewa, na kutiwa sahihi kama ufunguo wa ghala la silaha.

Imebaki betri. Programu ya SLC 5/03 hukaa katika kumbukumbu inayohitaji umeme daima, na umeme wa kiwanda ukatikapo, betri ndogo ya lithiamu ndiyo huishika. Hudumu yapata miaka 2. Taa ya BATT ikiwaka, betri imechoka, lakini mtambo huendelea kufanya kazi, na kwa sababu hiyo watu huipuuza mpaka siku umeme unapokatika kutwa nzima. Ukirudi, prosesa haikumbuki kitu. Kama nakala ya programu haikuhifadhiwa, kiwanda hukaa kimya mpaka apatikane mtu wa kuiandika upya, na vibarua hurudi kwao bila ujira. Kubadilisha betri si kazi kubwa: kapasita iliyo ndani huishikilia kumbukumbu kwa nusu saa walau, muda unaotosha ikiwa betri mpya iko mkononi kabla ya ile kuukuu kuchomolewa.

Hiyo kuukuu isipelekwe nyumbani kuwa kichezeo cha watoto, wala isitupwe jikoni penye mkaa au kwenye jaa linalochomwa moto, kwa maana lithiamu hulipuka. Wala haichajiwi. Ncha zake hufungwa kwa utepe wa plastiki na kurudishwa stoo, ambako hupokelewa katika daftari lilelile ilimoandikwa betri mpya na tarehe yake.