Hatari ya Upasuaji wa Umio Huanzia Nyumbani

Kwa mgonjwa wa saratani ya umio huko Chiwata, wilayani Masasi, ugali ndio unaotangulia kukwama. Anausukumia kwa maji. Baadaye anahamia kwenye uji, na mwishowe uji nao unagoma. Umio hutanuka, kwa hiyo shida ya kumeza huchelewa kujitokeza mpaka uvimbe umeziba sehemu kubwa ya njia. Ndiyo maana wagonjwa wengi, katika ukanda wote wa ugonjwa huu kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, hufika hospitali wamekonda sana. Si wote wanaoweza kupasuliwa. Wapo wanaofaa mionzi, na wapo wanaowekewa bomba la kuzibua njia. Anayepasuliwa, huko kukonda kunamfuata mpaka mezani.

Daktari huondoa sehemu kubwa ya umio, hulitengeneza tumbo liwe mfano wa mrija, kisha hulivuta juu na kuliunga na kipande cha umio kilichobaki, kifuani au shingoni. Ili tumbo lifike huko, baadhi ya mishipa inayolipelekea damu hukatwa. Ncha ya juu, ambayo ndiyo inayoungwa, hubaki na damu kidogo kuliko kwingine. Mwili wenye njaa ukikosa na damu ya kutosha, kidonda hakishiki. Pale palipoungwa hufumuka, mate na chakula huvuja. Mvujo wa shingoni hutokea mara nyingi zaidi lakini hutibika kwa urahisi. Wa kifuani unaweza kuua.

Aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake ndani ya miezi sita yumo hatarini. Ndivyo ilivyo kwa mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo au upungufu wa damu. Umri nao una uzito wake, ingawa mzee anayetembea hadi shambani huweza kuhimili kuliko kijana aliyelala kitandani miezi miwili.

Kisha mapafu. Nimonia ni miongoni mwa madhara yanayotokea zaidi baada ya upasuaji huu, na mvutaji wa sigara ndiye wa kwanza kuipata. Shirika la Afya Duniani linasema anayeacha kuvuta wiki nne au zaidi kabla ya upasuaji hupunguza hatari. Kupiga mswaki nako ni kinga: vijidudu vya mdomoni hushuka mapafuni pamoja na mate.

Familia nyingi za Masasi na Newala husema, "Tusubiri korosho ziuzwe." Naelewa, nauli ya Dar es Salaam na gharama za kukaa huko si mchezo. Lakini msimsubirishe mgonjwa na njaa. Msagieni karanga, korosho na mbaazi kwenye uji laini, ongezeni mayai na maziwa, mpeni kidogokidogo kutwa nzima. Uji ukishindikana, msingoje: mwambieni daktari mapema, kwani anaweza kuweka mpira wa kulishia moja kwa moja kwenye utumbo.

Na mkifika kwa mpasuaji, muulizeni amefanya upasuaji huu mara ngapi, na kama hospitali ina chumba cha wagonjwa mahututi. Panapofanyika upasuaji mwingi wa aina hii, vifo huwa vichache. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Ni haki ya mgonjwa.